Kabla Hujauza Kamera, Itoe Kabatini Kwanza

Mwezi wa sita mwaka 2019, masika yalipokwisha, nilishusha begi la kamera kutoka juu ya kabati, nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kamera ya Nikon D90, lenzi ndefu ya 70-300 niliyoinunua kwa ajili ya kupiga picha ndege, na lenzi fupi ya 50 (namba hizo ni milimita, na zikiwa kubwa lenzi inavuta mbali zaidi). Begi lilikuwa halijafunguliwa kwa zaidi ya mwaka, maana nilikuwa namuuguza mama. Lilipofunguka lilitoa harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika ile lenzi ndefu kwa nyuma, na katikati ya vioo nikaona nyuzinyuzi nyeupe zimetambaa kama mizizi. Fangasi. Fundi niliyempelekea alisema kusafisha ni shilingi 120,000 na hatoi uhakika, kwa kuwa fangasi wakikaa muda mrefu wanakula utando uliopakwa juu ya kioo, na alama yao haitoki hata wakifutwa.

Nilikuwa nimeiweka kwa mapenzi yote. Sikuiuza kwa sababu nilijua nitairudia.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikosea kwa upande mwingine. Ilikuwa Januari, ada za watoto zimenibana, nikauza darubini yangu ya mkononi kwa 90,000 kwa mtu wa kwanza aliyepiga simu. Ilikuwa ya 8x42, yaani inavuta mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42, nyepesi, ya kuning'iniza shingoni. Watoto wangu walijifunzia kwayo majina ya ndege wa mashamba ya chumvi ya Kunduchi. Leo nikitaka ya aina ile lazima nitoe zaidi ya mara tatu ya pesa niliyopewa, na mpaka sasa sijaipata.

Kwa hiyo sitakwambia uuze kila usichokitumia, wala sitakwambia akiba haiozi. Kwa hewa yetu ya pwani lenzi inaoza, gitaa linaoza, na mashine ya mshipi wa kuvulia inashikana kutu. Siku hizi kila kitu kilichokaa bila kazi nakiuliza kwanza kama nitakitunza. Hayo mengine yanafuata baada ya hapo.

Vitoe vyote kwa siku moja

Tafuta Jumamosi isiyo na harusi wala kipaimara. Tandika mkeka sebuleni na utoe kila kitu cha hobi kilichomo ndani ya nyumba: kamera, stendi, gitaa, mshipi, raketi, chochote. Vitoe kwa pamoja. Ukitoa kimoja kimoja, kila kimoja utakitetea. Vikikaa mkekani pamoja ndipo unapoona una stendi mbili na hujui chaja ya betri iko wapi.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla la dawa, na nimezoea kuhesabu stoo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo unafanya kazi kwa gitaa sawasawa na unavyofanya kazi kwa katoni za panadoli. Andika jina la kitu, namba yake kama ipo (kwenye kamera iko chini, kwenye kitako), kilichopungua, na tarehe ya mwisho kukitumia. Hiyo tarehe usiikadirie. Kwa kamera fungua picha ya mwisho, tarehe imo. Kwa vingine waulize watu wa nyumbani, maana wao hawakuonei haya. Mimi niliandika kwamba gitaa nililishika mwaka uliopita. Binti yangu akanikumbusha kuwa mara ya mwisho ilikuwa kabla hajaanza kidato cha kwanza, na siku hiyo alikuwa yuko kidato cha tatu.

Kagua kama mnunuzi mkorofi

Lenzi ifungue mfuniko wa mbele na wa nyuma, uimulike kwa tochi ukiwa gizani, uitazame ukiipinda huku na huku. Vumbi kidogo halina shida. Unachotafuta ni utando kama wa buibui, au kitu kama pumzi iliyoganda juu ya kioo. Kama umekiona, kitenge kifaa hicho mbali na vingine siku hiyo hiyo, na begi kilimokaa usilitumie tena mpaka ulifue na kulianika juani siku kadhaa. Mabegi ya kamera yale yenye sponji, na yale ya ngozi, yanashika unyevu. Tunayaona ndiyo usalama, kumbe ukiyafunga miezi sita ni kama umewawekea fangasi nyumba.

Kwenye kamera yenyewe bonyeza ule mpira wa kushikia. Kwa D90 yangu ulikuwa umevimba na kuachia kwenye kona, jambo la kawaida kwa kamera hizo zikizeeka kwenye joto. Gundi nzuri na dakika kumi za fundi zinatosha. Betri za kuchaji usiziache zimeisha kabisa. Betri ya lithiamu ikikaa miezi tupu inaweza isiamke tena, na ikikaa imejaa pomoni mahali pa joto nayo inazeeka haraka. Iache nusu, itoe kwenye kamera. Kama una flashi inayotumia betri ndogo za dukani, zile za kawaida, zitoe leo kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu zikivuja maji yake hula vyuma vya ndani.

Gitaa litazame kwa ubavu. Pale nyuzi zinapopita juu ya shingo, nafasi ikiwa kubwa kiasi cha kuingiza kidole, mbao zimevimba kwa unyevu au kile kipande kinachoshikilia nyuzi tumboni kimeanza kung'oka. Gitaa la namna hiyo linaumiza vidole, na anayejifunza atadhani yeye ndiye hana kipaji. Kagua na mchwa, hasa kama lilisimamishwa kwenye kona inayogusa ukuta.

Mashine ya mshipi izungushe. Ikikwaruza, ni chumvi. Haikuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi iliporudi kutoka baharini.

Nini hasa kilikuzuia?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo ninapokuomba usiharakishe. Kila kitu kilichoko mkekani kina sababu ya kutokutumika, na sababu hizo hazifanani.

Mara nyingine kilichokuzuia ni jambo dogo mno. Jirani yangu aliacha kupiga kinanda kwa miaka mitatu kwa sababu waya wa umeme uliungua na kila akikumbuka anasema kesho. Waya aliupata Kariakoo kwa bei ya nauli za wiki moja. Kitu kama hicho usikiuze kabla hujakitengeneza, kwa sababu mbili: huenda hamu yako bado nzima kabisa, na hata ukiuza, mnunuzi atakukata pesa nyingi kwa ajili ya waya wa elfu chache.

Mara nyingine ni majira ya maisha. Unauguza, una mtoto mchanga, unasoma huku unafanya kazi, umehamishiwa kituo cha mbali. Mimi nilikuwa na mama kitandani, na hakuna mtu angeniambia nikazungukie ndege Kunduchi. Hobi ya namna hiyo haijafa, imesimama. Ila majira yana mwisho, kwa hiyo andika mwisho huo kwenye daftari: mtoto akianza shule, nikimaliza mtihani, nikirudi Dar. Ukifika mwisho ulioandika na kifaa bado kimelala, swali linaanza upya, na safari hii jibu ni gumu kulikwepa. "Nikistaafu" usiiandike kama bado una miaka 15 kazini. Hakuna betri itakayokusubiri miaka 15.

Na mara nyingine hamu imeisha. Hili linauma kulisema kwa sababu tunaona kama tumejisaliti, au tumepoteza pesa. Gitaa langu nililinunua 2016 kwa 180,000 baada ya kumwona dada mmoja akipiga kanisani. Niliamini vidole ndivyo vilivyoniangusha, kwa hiyo nikalipeleka kwa fundi akashusha nyuzi na kuweka mpya, 25,000. Likarudi tamu, jepesi kushika. Wiki tatu zikapita sijaligusa. Pale nikaelewa kwamba nilichokipenda kilikuwa ni kumsikiliza yule dada. Sikujilaumu, nilishukuru tu kuwa nimejua.

Kama huwezi kujua ni ipi kati ya hizo, tumia Jumamosi mbili. Kifaa kikiwa kizima, betri imechajiwa, kiweke karibu na mlango wa kutokea na usikirudishe kabatini. Ndani ya siku 30 zijazo kipe Jumamosi mbili, hata kwa saa moja moja. Kamera ipeleke Coco Beach jioni au ufukwe wa Barabara ya Ocean asubuhi kabla jua halijawa kali. Angalia utakaporudi: je, unataka kuona picha ulizopiga? Au umetimiza wajibu tu, kama mtu aliyeenda kumwona mgonjwa asiyemfahamu? Na kama siku 30 zimekwisha na kila siku ulikiruka pale mlangoni ukienda kazini, umeshajibiwa.

Neno moja kuhusu vitu vya watu wengine. Mshipi na mashine yake mkekani kwangu ni vya mume wangu. Niliviandika, nikavikagua, nikaishia hapo. Usiuze hobi ya mwenzio wakati yuko kazini, hata kama vinakujazia nyumba. Vya marehemu navyo visubiri. Mwaka mmoja wa kuvitunza vizuri hauharibu chochote, na ndugu wakishakaa wakaongea hutakuwa na deni la maneno.

Ukiamua kuweka, weka kwelikweli

Baada ya ile hasara niliamua kuweka D90 na lenzi ya 50 tu. Vinategemeana: lenzi yangu ile ni ya toleo la zamani ambalo halina mota ndani, inazungushwa na mota iliyomo kwenye kamera. D90 inayo. Kamera ndogo za Nikon kama D3200 au D5300 hazina, na ukiifunga huko itabidi uizungushe kwa mkono mpaka picha ikae wazi. Nikiviachanisha, kila kimoja kinapungua thamani.

Nilinunua kopo kubwa la plastiki la kuhifadhia chakula, lile ambalo mfuniko wake una mpira na unabana pande nne. Ndani nimeweka kipima unyevu kidogo na mfuko wa zile punje za kunyonya unyevu, kama zinazokuja kwenye maboksi ya viatu lakini nyingi zaidi. Zangu ni za rangi ya machungwa na zikishiba zinageuka kijani. Hapo nazipasha kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka zirudie rangi yake. Kipimo nakitaka kati ya asilimia 40 na 50. Chumba changu chenyewe wakati wa masika hupita 80, na fangasi wanaanza kuona raha mahali panapozidi 60 au 70 kwa muda mrefu. Kuna wanaoweka mchele badala ya punje. Usiweke, unga wake unaingia kwenye lenzi.

Halafu kila mwisho wa mwezi, siku ninayolipa umeme, nafungua kopo, napiga picha kama ishirini za chochote, nazungusha lenzi mwanzo mpaka mwisho, naangalia betri. Dakika kumi na tano. Nikikosa miezi mitatu mfululizo naandika kwa kalamu nyekundu, na kifaa kinarudi kwenye mtihani wa Jumamosi mbili. Kopo, punje na kipimo havikuzidi 60,000. Kama unaona gharama na dakika hizo ni nyingi mno kwa kitu hicho, basi kiuze sasa kikiwa kizima, kwa sababu njia uliyobaki nayo ni kukiangalia kikifa.

Kabla ya kuamua, piga na hesabu ya kukodi. Lenzi ndefu sikununua tena. Ndege wahamiaji wanapojaa pwani, kuanzia Oktoba hivi, nakodi ya mpiga picha wa harusi ninayemfahamu, siku ya katikati ya wiki ambayo hana kazi, kwa 30,000. Natoka nayo mara nne kwa mwaka, 120,000 jumla, na fangasi ni wasiwasi wake.

Kitu ambacho ningekulinda usikiuze ni kile chepesi, kisichohitaji umeme, kinachotumiwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na ambacho bei yake ya mtumba ni ndogo kuliko bei ya kukipata tena. Darubini yangu ilikuwa hivyo hivyo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha kwa 90,000 zilizokwisha ndani ya wiki.

Ukiamua kuuza

Usiuze Januari. Mwaka wa shule unaanza, kila nyumba inauza na hakuna anayenunua, na wanunuzi wanaokuja wanajua kabisa una haraka. Vifaa vya kamera vinatembea vizuri kuelekea msimu wa harusi: Novemba na Desemba, na wiki za mwezi wa Shaabani ambapo watu wanakimbizana kufunga ndoa kabla ya Ramadhani. Ndani ya Ramadhani na Kwaresima wapiga picha wengi wanapumzika na mifuko yao nayo imepumzika.

Bei uliyonunulia isahau. Uliza watu watatu: fundi anayetengeneza vitu hivyo, muuza duka wa Kariakoo (mwambie unataka kununua, halafu kesho yake tuma mtu aulize kama ananunua, uone pengo), na mtu anayefanya hobi hiyo hasa. Huyo wa tatu ndiye wa kumsikiliza zaidi, kwa sababu anajua kipi kinatafutwa. Kamera ikiwa imepigwa picha chache, sema idadi. Fundi anaweza kuisoma kutoka kwenye picha ya mwisho uliyopiga. D90 imepimwa na watengenezaji kwa mibofyo 100,000, hivyo yenye 15,000 si sawa na yenye 90,000 hata kama zinang'aa sawa.

Kasoro zitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Lenzi yangu yenye fangasi niliiuza kwa fundi kama vipuri, 60,000, nikamwonyesha palipoharibika. Ningeweza kumwuzia mtu kwenye giza la jioni kwa 300,000. Mtu huyo angekuwa kijana aliyekopa kwa shangazi yake ili aanze kazi ya picha, na kimeo changu kingemla yeye.

Mkutane mchana, na ikiwezekana mahali pa fundi, ili mnunuzi ajaribu mbele ya mtu wa tatu. Andikeni karatasi mbili za mauziano: majina, simu, namba ya kifaa, kasoro zilizotajwa, bei, tarehe, sahihi na shahidi. Kitu kikiwa cha pesa nyingi, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inamlinda yeye akikamatwa njiani na kuulizwa kamera kaipata wapi, na inakulinda wewe. Weka na risiti ya zamani kama bado unayo.

Malipo yakija kwa simu, usiamini meseji. Niliwahi kutumiwa meseji iliyoandikwa kila kitu sawa, mpaka na salio, kutoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Piga *150*00# kama ni M-Pesa, tazama salio kwa macho yako, ndipo utoe mkono kwenye kifaa. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika kusubiri dakika mbili.

Kadi za kuhifadhia picha usiuze pamoja na kamera. Picha zilizofutwa zinaweza kurudishwa na mwenye ujuzi, na humo kuna watoto wako wakioga uani. Kadi ni bei ndogo, baki nazo.

Gitaa lilikwenda kwa kijana wa kwaya ya vijana ya usharika wetu, 110,000, kwa awamu mbili. Kuna aliyetoa 130,000 taslimu kwa ajili ya kulitundika ukutani kwenye mgahawa wake. Niliuza kwa bei ndogo kwa sababu nilitaka nyuzi zile mpya zipigwe, na Krismasi ile nilikaa benchi la pili nikazisikia.

Mshipi wa mume wangu umeshaoshwa chumvi na kutiwa mafuta. Uko mlangoni tangu Jumatatu. Amesema Jumamosi hii atavuka na kivuko kwenda Kigamboni na rafiki yake mmoja, na ya pili ameiandika mwenyewe kwenye daftari langu, tarehe 22.